Bonde Lisilohesabiwa

Nguzo ya geti letu haijawahi kusogea tangu ijengwe. Hilo nalijua, wala sihitaji kuambiwa. Wifi yangu ameshaniambia vya kutosha.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Keki ya ghorofa mbili ilikuwa kwenye kiti cha nyuma, nimeifunga mkanda kama abiria mwenye adabu zake, nami narudi kinyumenyume kutoka uani. Sasa, mtu aliyebeba keki haangalii kioo ili aone nyuma, anaangalia kioo ili aone keki. Ghorofa ya juu ikaonekana inataka kuteleza, nikaitupia jicho, na hapo hapo nikasikia upande wa kushoto bati likijikwangua kwenye saruji, mlio mrefu wa kutia meno ganzi. Nikakanyaga breki. Keki haikupoteza hata ua moja. Nalitaja hili kwa sababu watu wanapenda kusimulia nusu ya habari: keki ilifika kwa wenyewe salama, wakaisifu mpaka nikaona haya.

Mlango wa nyuma wa kushoto ndio haukusalimika. Ulikuwa umebonyea katikati, bonde la kulaza bakuli la supu, na pembeni yake mikwaruzo iliyoingia mpaka kwenye bati. Mtu mwingine angesema ni kitu kidogo, na kweli kilikuwa kidogo. Tatizo halikuwa mlango. Tatizo lilikuwa mwanangu.

Ninaye mmoja tu, na Mungu alipompa kazi alimpa inayomfaa: anakagua majengo. Mshahara wake unatokana na kuingia kwenye nyumba za watu na kutafuta nyufa. Hata akija kwangu Jumapili kula, hakai kitini kabla hajagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ko ko ko, asikilize kama plasta imeachia. Mtaani wanamwita Mkaguzi. Mimi nilimzaa, nikampa jina zuri kabisa, lakini akinikera na mimi namwita Mkaguzi.

Zamani baba yake ndiye aliyekuwa akinipelekea keki. Alipotutoka nikabaki kuomba msaada kwa huyu na yule, keki zikawa zinafika kwa wenyewe zimeinama upande, maharusi wananitazama kama nimewatukana. Siku moja nikasema basi. Nikaenda kujifunza udereva na mvi zangu kichwani. Mtihani nikafeli, nikarudi, nikafeli, nikarudi tena, mpaka mtahini akachoka kabla yangu. Tangu siku ile naendesha mwenyewe, na siwezi kuwaficha, napenda. Nikishika usukani najiona mtu mzima mwenye mambo yake.

Mwanangu hakupenda hata kidogo. Si mtoto mbaya, ni mwoga tu. Alirudi kutoka kumzika baba yake na hofu moyoni, akaitafutia pa kuiweka, akaona mimi ndiye niliyebaki. Mwezi uliopita akaja na hotuba yake kamili.

"Mama, tuliuze gari. Nitakutafutia mtu wa kukupelekea keki."

"Keki haibebwi na mtu asiyejua ilivyookwa," nikamjibu. "Na mimi si mzigo wa kutafutiwa mtu."

Tukavutana weee, mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema sawa, gari libaki, lakini siku atakayokuta mkwaruzo mmoja mpya, funguo anachukua yeye, na sitamdai. Mimi kwa kiburi changu nikasema sawa. Kiburi si maungwana, lakini kilikuwa kimeshatoka mdomoni.

Akatoka uani saa ile ile kulikagua. Akazunguka gari lote akigonga na kupapasa, akafika nyuma kushoto, kwenye madigadi, pale mlango unapoishia na gurudumu linapoanzia. Hapo pana bonde la siku nyingi. Alilitia yeye mwenyewe alipokuwa kijana anajifunza, akarudi kinyumenyume na kuligonga tangi la maji. Siku ile alilia, kijana wa sauti nzito vile. Baba yake hakuligusa lile bonde kwa nyundo wala kwa rangi. Asubuhi yake alimpa mtoto funguo, akakaa kiti cha pembeni, akafungua gazeti likamfunika uso mzima, wakatoka getini. Hakulishusha mpaka walipofika.

"Hili halihesabiwi," mwanangu akasema, kiganja chake kimetulia ndani ya bonde. "Hili ni langu." Hata siku hiyo tunayogombana alitabasamu hapo.

Basi sasa mnaelewa hali yangu ile Jumatano. Mlango una bonde, Jumapili inakuja, na Mkaguzi naye anakuja nayo. Nikipoteza funguo, nimepoteza kazi yangu na miguu yangu pamoja.

Wifi yangu alikuwa amesimama barazani, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Ni dada wa marehemu, fundi cherehani, tunaishi pamoja tangu msiba. Ana mkono mwepesi na mdomo usio na breki.

"Geti limekukosea nini, wifi?" akauliza.

"Usinianze."

"Mimi nauliza tu. Maana nimekaa hapa naliona geti limetulia zake."

Tukaenda kwanza kwa fundi wa kunyoosha bodi, barabara ya pili. Akauzunguka mlango huku akisikitika kwa ulimi, nts nts, nikajua hapo napigwa. Akasema mlango utolewe, unyooshwe, kisha upande mzima upigwe rangi upya, na nimwachie gari kwa wiki mbili. Akataja na bei. Nikamuuliza kama ameelewa kwamba nataka kutengeneza mlango, si kununua gari lingine. Wifi akanivuta mkono tukaondoka.

Aliyetuokoa ni muuza rangi wa pale sokoni, jamaa mnene mwenye kucha za rangi zote. Alitoka dukani, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo.

"Mama, hapa huhitaji fundi," akasema. "Unahitaji subira. Unalivuta bonde litoke, linalobaki unasugua kwa msasa, unajaza puti, unasugua tena, unapiga rangi ya msingi, halafu rangi yenyewe. Kila kitu chembamba, na kila kitu kisubiri mwenzake kikauke."

"Hiyo ni keki," nikasema.

"Mimi keki naijua upande wa kula tu, Mama."

Akanionyesha kopo la puti na kimrija cha dawa yake ya kukazia. Akaniambia nisikilize vizuri: puti ukishaichanganya na dawa, inakaza upesi, kwa hiyo nichanganye kidogo, nipake, kisha nichanganye kingine. Nikamwambia nimesikia. Na kweli nilisikia. Kusikia si kazi.

Kuhusu rangi, akataka aone rangi halisi ya gari, si ya kukisia, maana jua limeshaifubaza. Wifi akafungua pochi yake, akatoa kibisibisi anachofungulia cherehani, akaking'oa kile kifuniko cha pa kujazia mafuta, akamkabidhi. Muuza rangi akakitazama juani.

"Rangi gani hii?"

"Vanila," nikamwambia.

Akacheka, akachanganya, akajaribu kwenye kadi, akachanganya tena, mpaka ukiiweka kadi juu ya kifuniko huoni mpaka. Akaijaza kwenye kopo la kupuliza. Pamoja na msasa na tepu ya karatasi, tulirudi nyumbani na bado nina hela ya mayai na unga.

Alhamisi tukaanza kuvuta. Muuza rangi alituambia kile kidude cha mpira cha kuzibulia sinki kinafaa, ukikilowesha kwanza kwa maji ya sabuni. Mimi nikakibandika kwenye bonde, nikavuta. Hakuna kitu. Wifi akanishika kiuno, tukavuta wote.

"Vuta, wifi, si unapenda kuvutana?" akawa ananiambia mgongoni.

"Vuta wewe, mimi nina mtu kaninyonga tumbo."

Bati likalia pwaa, na sisi tukakaa chini wote wawili, Wifi chini, mimi juu yake, kidude mkononi. Tulicheka mpaka Wifi akaanza kulia machozi na kuniomba nishuke. Tulipoinuka kutazama, bonde lilikuwa limetoka karibu lote. Limebaki kama la kijiko cha chai, na ile mikwaruzo.

Kusugua kwa msasa ni kazi ya kuchosha, sitaki kuwadanganya. Unalowesha, unasugua, unafuta, unapapasa kwa vidole umefumba macho, unasugua tena. Wifi aliniambia nipapase kwa mkono wa kushoto kwa sababu haujazoea kusema uongo. Nilijaribu, na kweli mkono wa kushoto uliona mabonde ambayo wa kulia uliyapita.

Ijumaa ndiyo siku ya aibu. Nilitandika gazeti kwenye meza ya jikoni, nikafungua kopo la puti, nikaona ni laini, inang'aa, mwili wake ni ule ule wa krimu ya siagi. Mkono wangu umechanganya krimu ya maharusi maisha yake yote, haujui neno kidogo. Nikamimina karibu kopo zima kwenye bakuli, nikakamua dawa juu yake kwa kukisia, nikakoroga kwa kile kisu changu bapa cha kupakia, kipenzi changu, kilichonilelea mtoto. Inapendeza. Nikaanza kujisifu.

Mara nikaona inakuwa nzito.

Sasa hapa ndipo ninapowaomba msinicheke. Krimu ikianza kuharibika mkononi mwa mpishi wa keki, mwili wake unajua la kufanya kabla akili haijaulizwa. Nikabeba bakuli, nikafungua friji, nikaliweka kati ya maziwa na mayai, nikafunga mlango.

"Umefanya nini?" Wifi akauliza.

"Nimeipumzisha."

Wifi akaniangalia kwa muda. Kisha akakaa kwenye kiti, akakunja mikono, akasubiri na yeye aone mwisho wake. Nilipofungua friji, bakuli lilikuwa la moto kwa ile dawa na puti imekuwa jiwe, na kisu changu kimesimama katikati yake wima. Nilivuta, nikapiga, nikamwagia maji. Hakikutoka. Bakuli lile mpaka leo ndilo linalozuia mlango wa jikoni usijipige upepo ukivuma, na kisu ndicho mpini wake.

"Angalau limepumzika," Wifi akasema.

Niliumia, maana kisu kile nilikipenda. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nikachukua kisu cha pili, nikachota puti iliyobakia kwenye kopo, safari hii ukubwa wa yai, na dawa ukubwa wa punje ya dengu. Nikatoka uani, nikapaka.

Na jamani, pale nilijikuta niko kwangu. Kisu kikilala vizuri, hakikwaruzi wala hakiachi mstari. Unakishusha kwa pumzi moja, unakifuta, unashusha tena. Nikapaka tabaka nyembamba, ikakauka, nikasugua, nikapaka nyingine, na mlango ukaanza kurudi kuwa mlango. Wifi alikuwa barazani na mkasi wake, anakata magazeti ya kufunikia vioo na matairi kwa siku ya rangi, maana alisema hawezi kuvumilia kuona mtu anabandika gazeti ovyo. Alipima dirisha kwa futi. Aliukatia ule mlango gazeti kama anaushonea gauni la sikukuu.

Mlango ulipokamilika nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikainama, nikafumba jicho moja, nikatazama ubavu wa gari kwa pembeni. Ndivyo tunavyotazama keki kabla haijatoka. Mstari ulikuwa umenyooka, umenyooka, halafu pale nyuma kidogo ukazama. Basi nikafuata mstari. Keki haipakwi upande mmoja. Nilikuwa na puti mkononi, jua zuri, nafsi imetulia, nikasugua pale palipozama, nikajaza, nikalainisha, nikaendelea mpaka ubavu wote ukawa kitu kimoja. Nilikuwa naimba. Wala sikuwaza.

Jumamosi tukapiga rangi ya msingi asubuhi, na vanila yenyewe jua lilipopanda. Nyembamba, isubiri, nyembamba nyingine. Kuna mdudu mdogo alikuja kutua kwenye rangi mbichi, Wifi akamwondoa kwa ncha ya sindano bila kuacha alama, akasema amewahi kutoa uzi kwenye hariri, mdudu si kitu. Jioni, ilipokauka, tukapiga vanishi ya juu. Tulipong'oa magazeti, tukarudi nyuma kutazama. Sikuamini ni mikono yetu. Ule upande ulikuwa mzuri kuliko upande wa pili.

"Kaka yangu angefurahi," Wifi akasema, akaanza kukusanya magazeti haraka haraka, akayasukuma ndani ya gari ili upepo usiyatawanye uani.

Usiku huo nililala na uongo wangu kichwani, nimeuandaa vizuri. Akiuliza kwa nini gari linang'aa, ningesema tumeliosha.

Mwanangu akaja Jumapili mchana. Akamwamkia shangazi yake, akaniamkia mimi, akagonga ukuta, ko ko ko. Kisha akasema, "Nilione gari kidogo." Tukatoka wote. Wifi alijifanya anaanika nguo, na nguo zenyewe zilikuwa zimeshakauka.

Akaanza nyuma, akapita upande wa kulia, akazunguka mbele, akaja kushoto kwa upande wa mlango wa mbele. Akafika kwenye mlango wangu. Akaupitisha mkono. Mkono ukapita, ukateremka, ukaendelea. Hakuona kitu. Nilimtazama Wifi, Wifi akanitazama juu ya kamba ya nguo, na mimi nikajua nimeshinda.

Mwanangu akafika kwenye madigadi. Kiganja chake kikaenda pale kinapoenda siku zote, kimejikunja kidogo tayari kuingia, na kikateleza. Akakirudisha. Kikateleza tena. Akainama, akatazama, akasimama.

"Mama," akasema, "bonde langu liko wapi?"

Uongo niliouandaa ulikuwa wa mlango. Wa bonde sikuwa nao. Na ndipo nilipoona nilichokifanya. Nilikuwa nimefukia kosa langu, na huku naimba nimefukia na lake, kile kitu kimoja baba yake alichomwachia akakataa kisiguswe. Nilijisikia vibaya kuliko siku ya nguzo.

"Mungu wangu," Wifi akasema kutoka kwenye nguo. "Mimi nilikuwa nakata magazeti."

"Nimeliziba," nikasema. "Sikukusudia. Mkono ulifuata mstari. Na kama unataka kujua mstari ulianzia wapi, ulianzia mlangoni, maana Jumatano niligonga nguzo ya geti, nikaubonyeza mlango, na tumeutengeneza wenyewe mimi na shangazi yako ili usione. Sasa umeona. Funguo ziko kwenye msumari wake, ukutani. Chukua."

Nikasita, lakini damu ilikuwa imenichemka. "Ila useme ukweli. Kama si bonde lako, mlango usingeujua."

Akarudi kwenye mlango, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ko ko. Akasogeza mkono katikati. Pu pu. Akaenda kwenye madigadi, akagonga tena. Pu pu. Nilidhani atatoa hotuba yake. Badala yake akakaa chini palepale, juu ya kizingiti cha uani, na suruali yake safi.

"Kila nikija, nashika hapa kabla sijaingia ndani," akasema. "Siku ile nilidhani baba ataninyang'anya funguo na sitaendesha tena maisha yangu. Usiku kucha sikulala. Nilikuwa nimeshapanga namna ya kumwambia kwamba sitaki tena, ili asipate tabu ya kuninyima."

"Akakufanyaje?" Wifi akauliza, na anajua jibu, sote tunalijua, tumelisikia kila sikukuu.

"Alinipa funguo kesho yake."

Akalisema kwa sauti yake ya kawaida, ya kusimulia. Kisha nikaona limemrudia masikioni. Akaitazama nguzo ya geti, ina alama ya vanila bado, tulisahau kuisugua. Akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa ule wa kijana wa tangi la maji, na nilitamani kumshika lakini nilikuwa bado nimekasirika.

Akainuka, akaingia ndani. Nikasikia funguo zikilia kwenye msumari. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha, heri ningenyamaza. Wifi akaja kusimama karibu yangu, bega kwa bega, nguo moja kavu bado mkononi.

Mwanangu akatoka, akanyoosha mkono, akaniwekea funguo kiganjani.

"Leo una keki ya kupeleka?"

"Jumapili hii sina."

"Basi nipeleke popote," akasema. "Tunywe soda mahali, turudi."

Akazunguka akakaa kiti cha pembeni. Wifi akapanda nyuma, kwenye nafasi ya keki, nikamwambia afunge mkanda, akafunga bila kubisha. Nikawasha gari. Geti lilikuwa wazi nyuma yetu, na nguzo yake palepale ilipo siku zote.

Nikaingiza gia ya kurudi nyuma. Kwa pembe ya jicho nikamwona mwanangu anashika mpini wa mlango. Midomo ikafunguka, neno "taratibu" limeshafika kwenye meno. Akalimeza. Akatazama huku na huku ndani ya gari, akatafuta pa kuweka macho, akaona miguuni pake yale magazeti tuliyofunikia, magumu, yametapakaa rangi. Akaokota moja. Lilikuwa limekatwa kwa mkasi wa Wifi kufuata umbo la dirisha, na nusu ya maandishi yamefunikwa vanila. Akalifungua mbele ya uso wake kwa mikono miwili, juu chini, chini juu.

Nilirudi nyuma nikiitazama nguzo peke yake. Ikaja, ikapita kando ya madigadi, ikapita kando ya mlango, ikabaki mbele yetu. Wifi akaachia pumzi. Nikaikata kona, nikaingia barabarani, nikabadilisha gia, na gazeti liko palepale usoni pake, linatikisika kidogo.

Hakulishusha mpaka tulipofika.